Nani Atathubutu Kuvuta Kamba? Kuaminiana na Ubunifu Kazini

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa Baraza la Wafanyakazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Katibu, wajumbe wa menejimenti, viongozi wa chama cha wafanyakazi tawi, wajumbe mliochaguliwa na idara na vitengo vyenu, ndugu zangu wote, itifaki imezingatiwa. Nawashukuru kwa kunialika.

Nilipopewa mada hii ya kuaminiana na ubunifu nilionyeshwa mpango mkakati wenu, ukurasa wa maadili ya msingi. Neno "ubunifu" lipo pale. Nimezunguka ofisi nyingi katika nchi hii na karibu kila mapokezi nimelikuta neno hilo ukutani, ndani ya fremu. Ni neno zuri na ninalipenda. Leo nataka tuzungumze kuhusu kinachompata dereva, karani au fundi anapolichukua kwa uzito na kufanya jambo jema ambalo hakuagizwa na mtu.

Hoja yangu naitanguliza. Mawazo kwa watu wetu yapo tele. Wengi wanayakalia kwa sababu hawana hakika kwamba wazo wakilitoa, au kosa wakilisema, halitawarudia wao. Hakika hiyo semina haiwezi kuijenga. Inajengwa na jibu la kwanza la mkubwa siku mtu alipojaribu, na inabomolewa na jibu hilohilo.

Naomba nianzie mbali, Fremont, jimbo la California nchini Marekani, kwa sababu kisa cha pale nimekisoma miaka mingi na kila nikikirudia nakuta kitu kipya.

Kampuni ya General Motors, au GM kwa kifupi, ilikuwa na kiwanda cha magari Fremont, na kilihesabiwa miongoni mwa viwanda vyake vibaya kabisa. Utoro ulifikia hali kwamba siku nyingine karibu mtu mmoja kati ya watano hakuonekana kazini. Watu walikunywa pombe zamu ikiendelea. Wengine waliharibu magari kwa makusudi, kwa hasira tu. Menejimenti na chama cha wafanyakazi waliishi kwa kushitakiana, malalamiko ya maandishi yakirundikana. Na juu ya yote palikuwa na amri moja isiyoguswa: mstari wa kuunganisha magari hausimami. Ukiona gari linapita na bampa isiyo yake, au boliti imesahaulika, unaliacha lipite. Litarekebishwa huko nje. Na huko nje uwanja ulikuwa umejaa magari yanayosubiri kurekebishwa. Mwaka 1982 GM ikakifunga kiwanda.

Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia wa GM na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wajapani walikubali kuajiri kutoka chama kilekile cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, UAW, na zaidi ya asilimia 80 ya walioajiriwa walikuwa wale wale waliokuwa wakilewa, wakitoroka na kuharibu. Mtu yeyote mwenye busara za kawaida angewakimbia watu wale. Mamia yao wakapelekwa Japani kwa makundi, kwenye kiwanda cha Toyota cha Takaoka, wakasimama kwenye mstari pamoja na wenyeji wao.

Kule wakakuta kamba. Imetandazwa juu, kandokando ya mstari, kila mfanyakazi anaifikia kwa mkono. Ukiona tatizo, au ukizidiwa na kazi, unaivuta. Muziki unalia, taa inawaka kwenye ubao, na kiongozi wa timu anakuja hapo hapo ulipo. Wageni wale walitazama kwa makini atakachosema, maana kwao mkubwa akija ulipo, amekuja kutafuta wa kumbebesha lawama. Huyu akauliza, "Tatizo ni nini?" kisha akaanza kusaidia kwa mikono yake. Wakilimaliza kabla gari halijatoka eneo lao, kazi inaendelea. Wasipolimaliza, mstari unasimama kweli, na kila dakika ya kusimama ina gharama kubwa.

Mtu wa chini kabisa, bila kuomba kibali, amepewa uwezo wa kusimamisha kiwanda.

Wale watu walirudi Fremont na kamba ikafungwa. Katika muda mfupi magari yao yalikuwa na ubora unaokaribiana na yale ya Takaoka, na utoro ukashuka hadi asilimia chache. Jengo lilikuwa lile lile, chama kile kile, na sehemu kubwa ya watu wale wale.

Lakini tusiishie kwenye ubora, maana mada yetu ni ubunifu. Kamba ikivutwa mara kwa mara mahali pamoja, timu inakaa na kuulizana kwa nini. Hapo ndipo mawazo yanapotoka: hamisha zana hii iwe mkono wa kulia, badili mpangilio wa vipuri, hatua ya tatu itangulie ya pili. Toyota ilianzisha utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi mwaka 1951, na umeishi hadi leo. Mawazo mengi ni madogo, ya mtu anayejua kwa nini mgongo wake unauma jioni. Yakikusanywa miaka na miaka yanakuwa kiwanda ambacho washindani hawakiwezi.

Kuna jambo jingine la NUMMI ambalo wahadhiri wengi hulipita haraka, nami naliona zito kuliko kamba yenyewe. Mwaka 1987 na 1988 gari walilokuwa wakitengeneza, Chevrolet Nova, lilidorora sokoni. Kiwanda kikawa na watu wengi kuliko kazi. Wafanyakazi wakajua yanayofuata, wameyaona maisha yao yote. Hayakufuata. Hakuna aliyepunguzwa. Waliokosa nafasi kwenye mstari wakapelekwa kwenye mafunzo na kwenye kazi za kuboresha kiwanda. Ahadi hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya mkataba na chama, na ilipofika siku ya kuumia, mwajiri akaitimiza.

Fikirini mnavyotoa mawazo nyie wenyewe. Karani anajua namna ya kufanya kazi ya watu wanne ikafanywa na watatu. Ataisema? Ikiwa anahisi yule wa nne atakuwa yeye, au jirani yake mwenye watoto shuleni, hatasema hata ukimpa kikombe na cheti cha mfanyakazi bora mbele ya Waziri. Na mimi simlaumu.

GM walitaka kuihamishia siri hiyo kwenye viwanda vyao vingine. Husimuliwa kwamba meneja mmoja aliagiza NUMMI ipigwe picha kila pembe, ili kwingine wajenge vilevile. Walijaribu Van Nuys, hukohuko California. Wakubwa waliendelea kupimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka, kwa hiyo aliyesimamisha mstari alikuwa anamharibia mkubwa hesabu zake, na watu walilielewa hilo haraka. Kiwanda kile kilifungwa 1992. NUMMI nayo ilifungwa 2010, mwaka mmoja baada ya GM kufilisika; kuaminiana hakumkingi mtu na kila dhoruba ya soko. Ila miaka zaidi ya 25 ya kazi njema katika jengo lililokuwa limekatiwa tamaa si jambo dogo.

Sasa turudi nyumbani.

Nilikuwa katika ofisi moja ya umma, sitaitaja, nimekaa masjala nikisubiri jalada. Mnazijua masjala zetu. Nilitegemea kukaa hadi adhuhuri. Mama aliyekuwa pale alitupa jicho kwenye rafu, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha ofisa fulani, akarudi nalo. Nikastaajabu, nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha. Kila jalada linapotoka huacha kadi mahali pake, huo ni utaratibu wa kawaida. Yeye alikuwa amefunga kwenye kila kadi kipande kidogo cha kitambaa: kijani kwa lililotoka wiki hii, njano kwa lililopitisha wiki, nyekundu kwa lililopitisha mwezi. Vitambaa aliviokota kwa fundi cherehani jirani yake, masalia ya vitenge. Na kila idara ina mahali pake pa kufungia fundo, juu, katikati au chini. Bila kufungua rejista ya mwenendo wa majalada, ukisimama mlangoni unaona nani ameng'ang'ania nini.

Akiwa bado ananieleza, mkuu wake akaingia. Akatazama rafu. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Haya matambara nani kakuruhusu?"

Yule mama akajibu, "Samahani mzee, nayatoa."

Akaanza kuyafungua moja moja, mbele yangu. Vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo walikuwa wamesimama pembeni, wanatazama. Mkuu akachukua alichofuata, akanisalimu kwa adabu, akaondoka. Hakuwa mtu mkatili. Nadhani alikuwa na wageni wa ukaguzi wiki hiyo, akaona rafu zina rangi kama duka. Angeuliza tu, "Hivi ni vya nini?" na ofisi yake ingekuwa na masjala bora kuliko nyingi nilizoziona. Maswali yote mawili yanachukua muda ule ule kuyauliza. Na wale vijana wawili, ambao leo huenda ni maofisa mahali fulani, walijifunza asubuhi ile somo ambalo chuo hakikuwafundisha: fanya ulichoambiwa, usiongeze.

Ndugu wajumbe, hofu ya namna hii haijitangazi. Haionekani kwenye takwimu, na wakati mwingine takwimu zinaigeuza ionekane nidhamu. Mapema miaka ya 1990, Amy Edmondson, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Harvard, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani. Alitarajia kwamba timu zenye uhusiano mzuri na viongozi wazuri zingekuwa na makosa machache. Hesabu zikaja kinyume. Wodi zilizopimwa kuwa na timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu.

Mtu mwingine angeitupa kazi ile. Yeye akajiuliza: huenda wodi hizi hazikosei zaidi, zinasema zaidi. Akamtuma mtazamaji ambaye hakujua matokeo ya wodi yoyote, akae nao, awasikilize. Ikaonekana hivyo. Kulikuwa na wodi ambako wauguzi walizungumza makosa waziwazi, wakitafuta namna ya kuyazuia yasirudie. Na kulikuwa na nyingine ambako aliyekosea alijisikia kama amesimamishwa kizimbani, na kwa hiyo makosa yalifunikwa kombe. Kwenye karatasi wodi hizo za pili zilipendeza. Mgonjwa wa kitandani ndiye aliyekuwa hatarini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na mwaka 1999 akaandika utafiti mwingine, wa timu za kiwanda cha samani, ulioonyesha kwamba timu hujifunza pale wanachama wanapoamini hawatadhalilishwa kwa kuuliza, kukosea au kupinga.

Nawaomba viongozi mlichukue hili mkae nalo. Idara ambayo haijawahi kuleta tatizo mezani kwako, usikimbilie kuisifu.

Najua kuna mjumbe hapa anajiambia moyoni: haya ni maneno ya viwandani kwa Wamarekani, hapa ni fedha za umma, ukiwaamini watu watakuibia. Hoja hiyo naiheshimu. Nimekaa kwenye utumishi, nimejibu hoja za ukaguzi, na nimeona watu waliokula fedha ya dawa. Kuaminiana ninakokusema hakufuti risiti wala hakumwondoi mkaguzi. Pale NUMMI kazi ilikuwa na utaratibu mkali kuliko wa zamani. Kila hatua imeandikwa, kila kitu kina mahali pake. Tofauti ni kwamba aliyeshika zana alikuwa na haki ya kusema utaratibu huu umekosewa, na uandikwe upya.

Tena shuku nayo ina bili yake, ila hatuiandiki popote. Dokezo la kununua katriji ya printa linapanda saini hadi saini, kila mwenye saini akijilinda, na wiki mbili kaunta haitoi stakabadhi. Ofisa mwenye shahada mbili anashinda akijiandikia ushahidi wa kujitetea badala ya kazi. Ule muda ndio ambao mtu angeutumia kufikiri.

Njia ya katikati ipo, ndiyo ya kujaribu kidogo, mahali padogo, kwa uangalizi. Na mfano mkubwa kuliko yote katika jambo hili tunao mlangoni, kwa majirani zetu Kenya.

Wengi tunaijua M-Pesa kama ilivyo leo. Ilianza kama wazo la kuwasaidia wakopaji wadogo kurudisha mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, walianza majaribio Oktoba 2005, kwa mawakala 8 na wateja wasiofika mia tano, Nairobi na Thika. Mpango ulikuwa umeandikwa na fedha za majaribio zilikuwa zimetolewa, sehemu yake na serikali ya Uingereza.

Wateja hawakufuata mpango. Walianza kutumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliweka fedha asubuhi, wakasafiri, wakazitoa huko walikofika, ili wasizibebe njiani. Wengine waliwalipia wenzao mikopo. Sasa hebu fikirini ripoti ya majaribio yale ingeandikwaje katika ofisi ninazozijua. Ingesema: "Changamoto: wateja kukiuka matumizi yaliyokusudiwa. Mapendekezo: elimu itolewe kwa wateja." Wale wakaandika walichokiona. Suala la marejesho ya mikopo likawekwa kando, na huduma ikazinduliwa Machi 2007 kwa jambo moja rahisi, kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia kwetu Tanzania.

Na Benki Kuu ya Kenya? Hapakuwa na sheria ya kitu kama hicho. Wangesema nani kawaruhusu. Badala yake walikagua, wakaruhusu iendelee, wakaifuatilia kwa karibu, na fedha za wateja zikawekwa benki kwenye akaunti ya amana, mbali na mikono ya kampuni. Hayo ndiyo maamuzi ya mkubwa ninayoyatafuta: analinda mali ya watu kwa nguvu zote, na papo hapo anaruhusu kitu kipya kipumue.

Ndugu wajumbe, nisingependa mtoke hapa mkidhani haya yote ni mageni kwetu. Chombo mlichokalia leo kina historia yake. Mabaraza ya wafanyakazi yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, Mwalimu Nyerere akitaka mfanyakazi awe na sauti katika mipango ya mahali pake pa kazi. Mwaka uliofuata, Februari 1971, TANU ikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikampiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Wafanyakazi waliisoma ibara ile wakaielewa kuliko walivyotarajiwa. Migomo ikatokea viwandani, na mingi haikuhusu mshahara. Watu walikuwa wanamkataa meneja aliyewatukana, meneja asiyesikiliza. Serikali haikupendezwa na kila kilichofuata, na mabaraza mengi yakaishia kuwa mahali pa kupitishia bajeti iliyokwisha kupikwa. Mimi naiona hiyo kuwa fursa tuliyoiacha. Mtu akidharauliwa anajifunga, na watu wale waliisema kweli hiyo miongo kadhaa kabla vitabu vya menejimenti havijaigeuza biashara.

Jambo jingine naligusa kwa sababu limenisumbua miaka mingi, nalo ni wizi wa mawazo. Kijana anamwandikia mkuu wake dokezo lenye wazo zuri. Dokezo linapanda. Kila ngazi linapofika linaandikwa upya, na linapotua kwa Mkurugenzi Mkuu limekuwa wazo la mkuu wa idara. Kijana anakaa nyuma ya ukumbi anasikia maneno yake mwenyewe kwenye uwasilishaji wa slaidi, na picha aliyoichora yeye. Anapiga makofi na wengine. Kuanzia siku hiyo hampati tena. Atakuja saa moja na nusu, ataondoka saa tisa na nusu, hana kosa lolote la kinidhamu. Mtamwita mvivu.

Na wizi huo unazaa ugonjwa wa pili, kufichana ujuzi. Fundi anayejua mashine hataki mwenzake ajue, maana ujuzi ndio bima yake. Hapo nawakumbuka wachoraji wetu wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hardbodi, akiuza picha zake Oysterbay nje ya Morogoro Stores. Angeweza kuficha namna anavyofanya; soko lilikuwa dogo na watoto wa kulisha walikuwepo. Aliwaita ndugu na marafiki wakakaa naye chini, wakachora kando yake, kila mmoja akaanza na mkono wa mwalimu kisha akapata wake. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, polisi wakimdhania mhalifu. Kazi yake ilikuwa imedumu miaka michache tu. Kama angekuwa ameificha, ingezikwa naye. Wanafunzi wake waliendelea, mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika, na leo mtoto wa shule anayeona twiga yenye madoa ya rangi kali anajua imetoka nchi gani.

Sitaki kuwachosha. Yapo mambo ninayoyaomba kwenu, na yote yanaweza kuanza bila kasma mpya kwenye bajeti.

Kwa wakuu wa idara: dokezo lipande na jina la aliyeliandika mwanzo, hadi mezani kwa Mkurugenzi Mkuu, na likijadiliwa, mwenyewe aitwe alieleze kwa mdomo wake hata kama ni wa mkataba. Na mtu akija kukuambia amekosea kabla hujagundua, barua ya kujieleza isiwe kitu cha kwanza unachokitafuta. Keti naye muone kosa limepitia wapi. Akirudia kwa uzembe, au akiwa ameiba, taratibu za nidhamu zipo na ninazitetea.

Kwa viongozi wa chama cha wafanyakazi: kaeni na menejimenti muandike, kwa maandishi yenye saini, kwamba hakuna mtu atakayehamishwa au kupunguzwa kwa sababu ya wazo lililorahisisha kazi. Chama kimezoea kudai posho, na ni haki yenu. Hili pia ni maslahi.

Nanyi wajumbe mliotumwa na wenzenu, msiende kuwaambia tu kilichoamuliwa. Waulizeni ni kitu gani wanakifanya kimyakimya kwa sababu utaratibu haufanyi kazi. Kila ofisi ina vitambaa vyake vilivyofichwa droo.

Na kwako, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote, nina ombi la leo hii. Ratiba niliyopewa ina agenda kumi. Maoni ya wajumbe wa vitengo yako kwenye "Mengineyo," ambayo ni ya tisa, kabla tu ya kufunga kikao, na kwa uzoefu wangu tutaifikia saa nane watu wana njaa na magari ya mikoani yanasubiri. Naomba Baraza liridhie ipande iwe ya kwanza baada ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, na mzungumzaji wa kwanza atoke masjala au kwa madereva. Atakachosema, Mheshimiwa, naomba ujibu wewe mwenyewe, hapa hapa, wenzake wakisikia.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.